Venera 4: chombo kilichopima vizuri kikadhaniwa kimetua

Tarehe 18 Oktoba 1967 chombo cha Umoja wa Kisovieti kilichoitwa Venera 4 kiliingia kwenye angahewa ya Zuhura upande wa usiku, kikafungua parachuti na kuanza kutuma vipimo duniani. Kilituma kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyewahi kupokea vipimo vilivyochukuliwa ndani ya hewa ya sayari nyingine. Mawasiliano yalipokatika, joto lilikuwa limefika nyuzi 262 za Selsiasi na mgandamizo wa hewa ulikuwa karibu mara 20 ya huu tuliouzoea usawa wa bahari. Shirika la habari la TASS likatangaza kwamba chombo kimetua kwenye uso wa Zuhura.

Hakikutua. Kilinyamaza kikiwa bado kinaning'inia kwenye parachuti, kilomita 25 hivi juu ya ardhi.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mtwara, na kisa hiki ndicho ninachokitumia kuwafundisha wanafunzi namna ya kusoma kipimo. Nakithamini kwa sababu hakina mtu mzembe wa kumnyooshea kidole. Vipimajoto vilisoma joto sawasawa. Vifaa vya kuchambua gesi vilitoa jibu ambalo hadi leo limesimama. Waliozisoma namba walikuwa mabingwa wa fani yao. Hata hivyo dunia iliambiwa kwamba uso wa Zuhura una nyuzi 262, wakati ukweli ni zaidi ya 460. Tatizo lote lilikaa kwenye swali moja: namba hizi zilipimwa kwenye kimo gani?

Kilichobebwa

Sehemu iliyoshuka ilikuwa tufe la kilo 383, upana wake kama mita moja. Iliingia kwa kasi ya kilomita 10.7 kwa sekunde, na hewa ikaisimamisha kwa nguvu kubwa mno, kiasi cha mara 300 ya mvutano wa dunia. Baada ya hapo parachuti ikafunguka na safari ya polepole ikaanza. Ndani kulikuwa na vipimajoto viwili, barometa, kifaa cha kupima densiti ya hewa, rada ya kupima kimo na vifaa 11 vya kuchambua gesi. Data ilitumwa kwa mwendo wa biti moja tu kwa sekunde, kwa hiyo kila namba iliyofika duniani ilikuwa ya thamani.

Kuna kitu kingine ambacho huwa nakitaja mapema. Wakati ule hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya mawingu ya Zuhura, na wengine waliona bahari inawezekana kabisa. Wahandisi wa Georgy Babakin, aliyeongoza uundaji wa chombo hiki, wakaunda tufe linaloweza kuelea, na wakaweka kufuli iliyotengenezwa kwa sukari. Chombo kikiangukia maji, sukari ingeyeyuka na kuachia antena. Wanafunzi wakisikia sukari kwenye chombo cha anga hucheka, nami huwaomba watulie kidogo. Mtu anayetuma chombo mahali asipopajua, akakaa akaorodhesha mambo asiyoyajua na kulitafutia kila moja dawa, huyo anafanya uhandisi wa kweli. Hawakujua kama kuna maji, wakajiandaa. Hawakujua pia kwamba mgandamizo wa ardhini ungekuwa mkubwa kiasi kile, na hapo ganda la chombo halikuwa limeandaliwa.

Gesi kwanza

Nataka nikae kidogo kwenye uchambuzi wa gesi, kwa sababu watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanaupita haraka, na mimi naona ndio uliobeba hesabu nzima.

Kabla ya 1967 wataalamu wengi walidhani hewa ya Zuhura ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, kama yetu, ikiwa na hewa ya ukaa kiasi. Venera 4 ilibeba vichumba vidogo vilivyofunguka, vikajaa hewa ya nje, vikajifunga. Ndani ya baadhi yake kulikuwa na potasiamu haidroksaidi, kemikali inayofyonza hewa ya ukaa. Gesi ikifyonzwa, mgandamizo ndani ya kichumba unashuka, na kiasi kilichoshuka ndicho kinachokuambia hewa ya ukaa ilikuwa sehemu gani ya hewa yote. Jibu lilikuja: zaidi ya asilimia 90 ni hewa ya ukaa, na naitrojeni haizidi asilimia 7. Mawazo ya miaka mingi yalibadilika kwa dakika chache za kemia rahisi ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaielewa.

Sasa tazama hili linavyogusa kimo. Chombo kinachoshuka kwa parachuti kinaweza kujipimia umbali kilioshuka bila kuiona ardhi. Mvutano wa sayari ukishajulikana, kinahitaji kujua mambo matatu tu: mgandamizo unavyoongezeka, joto la hewa, na uzito wa gesi yenyewe.

Darasani huanza na bahari, maana hiyo tunaishi nayo. Atmosfia moja ni mgandamizo wa hewa pale kwenye kivuko cha Msangamkuu. Ukizama mita 10 unaongeza atmosfia moja, mita 20 mbili, na kuendelea. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mpiga mbizi alisema, "Mwalimu, baba anasema masikio yanauma mwanzoni tu pale juu, ukishazoea unaendelea." Ni kweli, na sababu yake ni nzuri: mita 10 za kwanza zinaufanya mgandamizo kuwa maradufu, lakini mita 10 zinazofuata zinauongeza kwa nusu tu. Maji hayashindiliki, kwa hiyo kila mita ina uzito uleule.

Hewa inashindilika. Kadiri unavyoshuka, inazidi kuwa nzito, na mgandamizo hauongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kuna kimo fulani ambacho kila ukikishuka mgandamizo unazidishwa mara 2.7. Kimo hicho kinakuwa kirefu hewa ikiwa ya moto, na kifupi gesi ikiwa nzito. Kwa Zuhura, ukichukua hewa ya ukaa na wastani wa joto kati ya mwanzo na mwisho wa safari ya Venera 4, yaani kama nyuzi 147, na mvutano wa sayari wa mita 8.87 kwa sekunde kwa sekunde, unapata karibu kilomita 9.

Venera 4 ilianza kupima mgandamizo ukiwa karibu atmosfia moja na ikanyamaza karibu na 20. Zidisha 2.7 mara tatu, unafika 20. Hatua tatu za kilomita 9 ni kilomita 27. Wanafunzi wangu walilipata jibu hili kwa kikokotoo na karatasi, na kwenye meza ya mwisho binti mmoja akarudia hesabu kwa naitrojeni badala ya hewa ya ukaa, bila kuagizwa. Alipata kilomita 42. Namba zilezile za joto, namba zilezile za mgandamizo, lakini umbali umeongezeka kwa zaidi ya nusu kwa sababu ya gesi peke yake. Nilimwita aje aandike ubaoni ili wote waone kwamba bila vile vichumba vya potasiamu hesabu ya kimo isingesimama.

Namba mbili zilizokubaliana

Kwa hiyo chombo kilishuka karibu kilomita 27. Sasa rada.

Rada ya kimo ya Venera 4, parachuti ilipofunguka, ilitoa ishara iliyosomwa kuwa ardhi iko kilomita 26 chini. Weka namba hizo mbili pamoja. Rada inasema ulianzia kilomita 26. Hesabu ya hewa inasema umeshuka 26 au 27. Kisha ghafla mawasiliano yanakatika. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema: kimefika chini.

Tatizo ni kwamba rada ya aina ile inafanya kazi kwa kutuma wimbi ambalo masafa yake yanapanda na kushuka kwa mzunguko, kisha kulinganisha mwangwi na kinachotumwa wakati huo. Mzunguko ukikamilika unaanza upya, kwa hiyo mwangwi uliotoka mbali unaweza kusomeka sawa na uliotoka karibu. Ni kama saa ya ukutani inayoonyesha saa tatu: mishale peke yake haikuambii kama ni asubuhi au usiku. Rada iliposema 26, kimo halisi kilikuwa karibu mara mbili ya hapo, zaidi ya kilomita 50.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Makubaliano ya namba mbili yalionekana kama uthibitisho, lakini namba hizo zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti. Hesabu ya hewa inajua umeshuka kiasi gani. Haijui umebakiza kiasi gani. Ungeweza kuishusha Venera 4 kilomita 27 juu ya shimo lisilo na mwisho, na hesabu ile ingetoa jibu lilelile. Aliyebeba ushahidi wa ardhi alikuwa rada peke yake, tena kwa usomaji wenye majibu mawili. Ukichunguza vizuri, ukimya wa redio nao haukuwa ushahidi wa ardhi. Chombo kinaweza kunyamaza kwa kugonga jiwe, na kinaweza kunyamaza kwa ganda kupasuka au betri kuisha. Betri ya Venera 4 iliwekewa uwezo wa dakika 100 tu.

Na kulikuwa na dalili ndani ya data yenyewe. Chombo kilichotua kinakaa mahali pamoja, kwa hiyo joto lake linatulia kwenye namba moja. Kipimajoto cha Venera 4 kilikuwa kinapanda hadi ujumbe wa mwisho.

Mariner 5 na kitovu cha sayari

Siku iliyofuata, tarehe 19 Oktoba, chombo cha Marekani Mariner 5 kilipita kando ya Zuhura, kama kilomita 4,000 kutoka kwenye uso wake. Hakikuingia kwenye hewa. Kilipopotea nyuma ya sayari, mawimbi yake ya redio yalipenya kwenye angahewa kabla ya kufika duniani, yakapinda. Kutokana na kupinda huko Arvydas Kliore na wenzake waliweza kukokotoa joto na mgandamizo kwa kila kimo, hadi pale hewa inapokuwa nzito kiasi cha kuyakunja mawimbi yasitoke tena. Kwa hiyo Mariner 5 nayo haikuiona ardhi.

Lakini ilikuwa na kitu ambacho Venera 4 haikuwa nacho. Vimo vyake vilihesabiwa kuanzia kitovu cha sayari, kwa sababu njia ya chombo angani ilijulikana kwa usahihi. Mgandamizo wa atmosfia moja ulikutwa kama kilomita 6,100 kutoka kitovuni. Chukua sasa vipimo vya Venera 4 uvilaze juu ya vile vya Mariner 5, joto kwa joto na mgandamizo kwa mgandamizo. Vinaoana vizuri, na hilo linathibitisha kwamba vyote viwili vilipima kwa haki. Kilomita 27 chini ya atmosfia moja unakuta ujumbe wa mwisho wa Venera 4: kama kilomita 6,073 kutoka kitovuni.

Nusu kipenyo cha Zuhura chenyewe kilikuwa kinapimwa kutoka duniani. Antena za Arecibo kule Puerto Rico na Haystack kule Massachusetts zilirusha mawimbi ya rada yakagonga uso wa sayari na kurudi. Muda wa mwangwi unakupa umbali hadi sehemu ya uso iliyo karibu nawe, na mahesabu ya mzunguko wa sayari yanakupa umbali hadi kitovu. Toa moja kwenye jingine, unabaki na nusu kipenyo. Kilikuja karibu na kilomita 6,050, na leo tunatumia 6,052. Ardhi ilikuwa zaidi ya kilomita 20 chini ya pale Venera 4 iliponyamaza.

Darasani kuna swali linalokuja hapa bila kukosa, na nalipenda: "Mwalimu, kama kilitua juu ya mlima je?" Jibu la leo ni rahisi, maana ramani ya Zuhura ipo: milima ya Maxwell, mirefu kuliko yote kule, inapanda kilomita 11 hivi juu ya usawa wa wastani. Hakuna mlima wa kilomita 20. Lakini mwaka 1967 ramani haikuwepo, na mtu alihitaji hoja nyingine. Hoja hiyo ilikuwepo tangu miaka kumi na moja nyuma. Mwaka 1956 Cornell Mayer na wenzake wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani walipima mawimbi ya redio yanayotoka Zuhura na kupata joto la kama nyuzi 300 na zaidi. Mwanaastronomia Carl Sagan akaeleza miaka michache baadaye kwamba hewa ya ukaa inaweza kulifungia joto hilo chini. Kama sehemu kubwa ya uso ina joto kuliko nyuzi 262, basi mahali penye nyuzi 262 hapawezi kuwa uso wa kawaida.

Darasa likifika hapa nawapa sehemu ya pili ya zoezi. Hewa ya ukaa inaposhuka na kushindiliwa kule Zuhura, joto lake linapanda karibu nyuzi 8 kila kilomita. Bakiza kilomita 25. Nyuzi 262 ongeza 200, unapata 462. Wastani wa joto njiani ni kama nyuzi 362, kwa hiyo ile hatua ya kuzidisha 2.7 inarefuka kutoka kilomita 9 hadi karibu 14. Kilomita 25 zinauzidisha mgandamizo kwa kama mara sita. Ukianza na makadirio ya chini kabisa ya ujumbe wa mwisho, atmosfia 15, unafika 90 hivi. Huo ni mgandamizo wa mita 900 chini ya bahari yetu, huko nje ya matumbawe ambako wavuvi wa Msimbati hawapeleki nyavu.

Hesabu hiyo ilifanywa na pande zote mbili. Mwaka 1968, katikati ya vita baridi, Warusi na Wamarekani walizilinganisha data zao, na tamko la kutua likapoteza mguu wa kusimamia. Binafsi naona heshima kubwa katika hilo kwa watu wa Venera. Nchi yao ilikuwa imekwisha kutangaza ushindi.

Kilichobadilishwa

Hapo ukubwa wa parachuti ukaanza kuonekana kwa macho mengine. Kilomita 27 kwa dakika 93 ni wastani wa mita 5 hivi kwa sekunde, na hewa inavyozidi kuwa nzito mwendo unazidi kupungua. Parachuti ya mita za mraba 55 ilikuwa inakibembeleza chombo mno. Hata ganda lingekuwa la chuma kinene, kilomita 25 zilizobaki zingehitaji zaidi ya saa moja nyingine, na betri isingefika.

Venera 5 na Venera 6 ziliingia Zuhura tarehe 16 na 17 Mei 1969 zikiwa na parachuti ndogo za mita za mraba 12 na ganda lililoimarishwa. Zilishuka haraka, zikapima chini zaidi ya Venera 4, zikapondwa kwenye mgandamizo wa kama atmosfia 27. Zilitarajiwa kupondwa. Wajenzi wake hawakuwa na muda wa kuunda chombo kipya kabisa, kwa hiyo walichagua kupata sehemu ya hewa ambayo hakuna aliyewahi kuigusa.

Venera 7 ndiyo iliyojengwa kwa namba mpya: ganda la titani la kustahimili atmosfia 180, mara mbili ya ile 90. Ilifika tarehe 15 Desemba 1970. Parachuti ikaharibika njiani, chombo kikaanguka kwa kasi ya kama mita 16 kwa sekunde, na redio ikaonekana imekufa. Wataalamu walipozichambua upya kanda walikuta ishara dhaifu mno, asilimia moja ya nguvu ya awali, ikiendelea kwa dakika 23. Inaelekea chombo kilikuwa kimelala ubavu na antena haikuelekea duniani.

Kulikuwa na hasara nyingine: swichi ya kugawa zamu za vipimo ilikwama, ikawa inatuma joto peke yake. Hakuna hata namba moja ya barometa iliyofika. Lakini tazama walichokuwa nacho. Masafa ya redio yanabadilika kulingana na kasi ya chombo, na masafa hayo yalionyesha kasi ikishuka hadi sifuri kwa mkupuo mmoja. Joto lilipanda hadi nyuzi 475, kwa kosa linaloweza kufika 20 juu au chini, kisha likakaa pale pale kwa dakika zote 23. Safari hii ardhi ilijitambulisha yenyewe kwa njia mbili, na hakuna hata moja iliyotegemea rada. Kutoka kwenye joto na kasi ya kushuka wakaukokotoa mgandamizo wa hapo chini kwa kanuni ileile ya kuzidisha: atmosfia 90, kwa kosa la 15.

Tarehe 22 Julai 1972 Venera 8 ilitua upande wa mchana ikiwa na barometa nzima na swichi inayofanya kazi. Joto lilikuwa nyuzi 470, na barometa ilisoma karibu atmosfia 90.